Siku Niliyomshuhudia Mdogo Wangu Mahakamani

Mdogo wangu wa kiume nilimbeba mgongoni kule Kikwe, mama akiwa shambani. Siku niliyoitwa kutoa ushahidi dhidi yake, alikuwa amevaa shati nililomnunulia Krismasi.

Kesi ilihusu mtoto wa marehemu dada yetu. Alikuwa darasa la tatu, akiishi kwa bibi yake, yaani mama yetu, pamoja na mjomba wake, huyo mdogo wangu. Alikuja kwangu Lemara wakati wa likizo. Tulikuwa tunachambua mchele aliposema, "Mama mdogo, shule zikifunguliwa naomba nisirudi kwa bibi."

Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwa sauti ya chini, bila kulia, mambo ambayo mjomba wake alikuwa akimfanyia kila bibi alipokwenda sokoni. Kesho yake nilimpeleka polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, kisha hospitali.

Mdogo wangu alipokamatwa, mama alikuja kwangu. Hakutaka hata kukaa.

"Wazee wa ukoo wanasema yaishe nyumbani," alisema. "Yule ni mjukuu wangu, na huyu ni mwanangu. Unataka nibaki na nani?"

Nilimsogezea kiti, akatoka.

Kesi ilisikilizwa faragha. Mtoto ndiye aliyetangulia, mimi nikisubiri nje. Afisa ustawi wa jamii aliyekaa naye aliniambia baadaye kwamba hakimu alimuuliza kama anajua maana ya kusema kweli, naye akaahidi kusema kweli. Akaeleza yote, mjomba wake akiwa mbele yake. Alikwishaniambia mimi, akawaambia polisi, akamwambia daktari, na sasa mahakama. Mimi ndiye niliyempeleka kote huko. Alipotoka alinishika kitenge, akauliza, "Mama mdogo, nimekosea?"

"Hujakosea chochote," nilimwambia, na zamu yangu ikaitwa.

Nilisema niliyoyajua. Mdogo wangu hakuwa na wakili, kwa hiyo hakimu alimruhusu aniulize mwenyewe.

"Dada, mimi nilikukosea nini?"

Hakimu akamwelekeza aulize juu ya ushahidi. Akasema hana swali.

Alipotiwa hatiani aliomba ahurumiwe, maana mama amezeeka na yeye ndiye mwana wa kiume pekee. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaeleza kwamba mtoto akiwa chini ya miaka kumi sheria haimwachii hakimu nafasi ya kupunguza adhabu. Akampa kifungo cha maisha. Nje mama aliketi kwenye nyasi, akaukataa mkono wangu. Nilijua nimetenda haki, lakini nilirudi nyumbani kama mtu aliyezika ndugu yake akiwa hai.

Mtoto anaishi nami sasa. Usiku wa kwanza baada ya hukumu alilala fofofo. Mimi nilikesha, nikijilaumu kwamba namlilia mdogo wangu badala ya mtoto.

Mwezi uliopita mama aliniomba nimsindikize gerezani. Sikuthubutu kuingia. Alipotoka tulitembea hadi barabarani, ndipo akasema, "Nimemuuliza kama ni kweli."

"Akasemaje?"

"Ameinamisha kichwa tu."

Nilidhani maneno hayo yangenipa nafuu. Badala yake niliona jinsi yalivyomzeesha, nikajuta hata kumsindikiza. Akajifunga khanga yake upya, akaniuliza kama mtoto anakula vizuri. Nikamwambia anakula.

"Jumapili mlete," alisema. "Nitampikia ndizi."