Maji ya Mikono

Daktari wetu wa kliniki ya mtaa wa Jebel alikuwa na sheria moja iliyowachosha watu wote. Humgusi mama anayejifungua wala mtoto mchanga kabla ya kunawa kwa sabuni, na unanawa mpaka ubeti mzima wa wimbo wa kanisani uishe. Imba kimoyomoyo ukitaka, lakini uishe. Kuna mwanajeshi wa kambi ya jeshi ya Bilpam alimleta mkewe, bunduki begani, naye akaambiwa aache bunduki nje kisha aimbe. Akaimba, jamani, tena vibaya kweli!

Mimi nilimpenda daktari kwa sheria hiyo. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa nyumbani, na hakumaliza wiki mbili. Alikakamaa mwili, akashindwa kunyonya, akaenda zake. Kitovu chake kilikatwa na mama mkwe wangu, kwa wembe uliokuwa dirishani, mikono yake imetoka kuparua samaki. Baadaye daktari alitueleza kwamba ile ilikuwa pepopunda, na uchafu uliingilia kitovuni. Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale. Tangu siku ile hakushika tena mtoto mchanga wa mtu yeyote.

Sikumwambia neno. Yeye kabila lake, mimi langu, tuliunganishwa na Kiswahili tulichookota ukimbizini, kambini Uganda, chake kikiwa cha kukatakata. Tulipika pamoja, tukauza maharage pamoja sokoni. Lakini hasira ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, humezi wala hutemi.

Vita vilipozuka tena mjini, mimba yangu ya pili ilikuwa imetimia. Mume wangu alikuwa safarini. Uchungu ulianza pamoja na risasi, tukaenda kwa daktari tukiinama ukutani, mama mkwe amebeba nguo za mtoto. Tulikuta majirani wamejaa sakafuni wakijificha. Gari la maji lilikuwa halijapita siku kadhaa, na kliniki nzima ilibaki na jerikani moja tu.

Daktari alimpa kila mtoto kikombe, na kila mzee kikombe. Yaliyobaki akayaweka kando ya kitanda changu. "Haya ni ya mikono," akasema.

"Watu wanakufa kiu, wewe unaosha mikono?" jirani mmoja akafoka.

Nikainuka kwa kiwiko. "Thubutu! Gusa jerikani hilo nikung'ate! Mmoja nimeshamzika, huyu simziki!" Akakaa chini. Mwanamke mwenye uchungu si wa kuchezewa.

Mama mkwe alikuwa amepewa kikombe chake kama wazee wenzake, lakini alikishika tu kwa mikono miwili.

"Kunywa, Mama," nikamwambia.

"Mimi hapana kiu."

Mwongo! Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Kichwa cha mtoto kilipokaribia, kitu kililipuka nyuma ya nyumba. Watu wakarukiana, daktari akaanguka kifudifudi, na jerikani likapinduka. Maji yote yakanywewa na sakafu ya udongo. Daktari akainuka, akatazama viganja vyake vilivyojaa vumbi, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiogopa. Mimi nikalia kwa sauti. Nilijua nampoteza na huyu.

"Daktari, leta mikono," mama mkwe akasema.

Akaanza kummiminia kutoka kwenye kikombe chake, kidogo kidogo, daktari akisugua sabuni, yeye akiimba. Sauti ilitetemeka, risasi zinalia, lakini hakuruka hata neno. Ubeti ulipoisha, maji nayo yakaisha. Binti yangu akatoka akipiga kelele, na kitovu kikakatwa kwa wembe mpya uliotolewa kwenye karatasi yake.

Mama mkwe akarudi ukutani, mikono nyuma.

"Mama, njoo umpokee."

"Mikono hii? Hapana. Mikono hii mbaya."

Moyo uliniuma. Miaka yote ile nilidhani mwiba ule uko kooni kwangu peke yangu.

Kesho yake mji ukanyamaza, na gari la maji likapita. Watu walikimbia na vikombe, na masufuria, mmoja hata na kiatu cha mvua. Mama mkwe aliteka maji, akataka kuniletea ninywe.

"Usinipe mimi," nikasema. "Nawa."

Akaelewa. Akaenda kwenye beseni, yeye mwenyewe hajanywa hata tone, akachukua sabuni. Aliimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, akaanza wa tatu huku akisugua mpaka kwenye viwiko.

"Mama, inatosha."

"Bado."

"Inatosha, Mama yangu. Mjukuu wako anakungoja."

Akaja ameinua mikono mbele, inachuruzika maji, machozi nayo yanachuruzika. Nikamwekea mtoto mikononi.