Ngozi Niliyoifunga Kisimani

Mkosaji ni mimi, sina wa kumsingizia. Nilificha kitu ndani ya pampu ya maji, mita kumi na tisa chini ya ua wa mama yangu, na kitu hicho kilinifunga mimi miaka minne. Jina langu niacheni nalo. Naandika kwa Kiswahili nilichokipata ukubwani Unguja. Kwetu Nosy Be, kisiwa cha Madagaska, nyumbani tulisema Kikomori, sokoni Kimalagasi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, bidhaa zimeadimika hata kipande cha sabuni kilikuwa habari ya mtaa. Nilikuwa fundi chuma pale mjini Andoany. Mama alikuwa mjane, na mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda kwa kuvuta ndoo kutoka kisima kile kirefu. Nikamwahidi pampu ya mkono.

Ya kwanza pistoni niliiweka juu, karibu na mpini. Majirani walipampu mpaka jasho likawatoka, maji hata tone. Walinicheka, nami nikacheka nao huku roho inaniuma. Baadaye nikaelewa kwamba maji ya kina kile hayanyonywi kutoka juu. Pistoni lazima ishuke ikae ndani ya maji yenyewe, iyasukume. Nikaunda upya. Kikabaki kipande cha ngozi tu, cha kuvisha pistoni ili maji yasirudi chini.

Ngozi ya ng'ombe sikuipata. Fundi viatu mmoja Mmalagasi alikuwa na kipande kinene, kizuri, vitundu vya manyoya vimekaa vitatu vitatu. Hakunificha.

"Hii ya nguruwe wa porini, kaka. Nyinyi hamgusi."

"Ya kuvisha kiti cha baiskeli," nikamdanganya.

Jamani, mimi ni Muislamu, nimelelewa chuo cha Kurani, najua kwamba nguruwe ni najisi kubwa. Lakini nilikuwa nimeshatamba mbele ya mama kwamba Ijumaa maji yatatoka. Nitaibadilisha baadaye, nikajisemea. Nikaifunga peke yangu chumbani. Kisha wanaume wanne wakanisaidia kushusha mabomba, na mdomo wa kisima nikauziba kwa zege.

Maji yakatoka. Mama alilia. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: alifungua mlango wa ua akawaita majirani wote. "Njooni mchote. Ni sadaka ya marehemu baba yake huyu." Wa kwanza kutawadha alikuwa mwalimu wa msikiti wetu. Nilimtazama akisukutua, nikageuka nikajifanya nakusanya vyombo vyangu.

Wiki ya tatu nikapata ngozi ya ng'ombe. Utaniuliza, mbona hukubadilisha? Mabomba yale ya chuma hayapandi bila watu wanne na kamba. Wanne wenyewe ni watu wa msikiti ule ule, na mmoja wao alikuwa mchinjaji, ngozi anazijua kwa kuzigusa tu. Nikaona bora ningoje. Ningoje nini, hata mimi sikujua.

Siku nyingine niliomba ipasuke. Siku nyingine niliomba isipasuke. Mpini ukikwama kidogo tu, nilitupa nyundo nikakimbia nyumbani kabla mtu mwingine hajaugusa. Watu wakanisifu, wakasema kijana yule anaipenda sadaka ya babake.

Na nilikuwa na mchumba, Zaina, mtaa wa Mangarivotra, mji wa Mahajanga, ng'ambo ya bahari. Kwetu Wakomori mwanamume ndiye anayehamia nyumbani kwa mke. Mama yake alikuwa ameshamjengea nyumba, imepakwa chokaa, wa kungojewa ni mimi. Lakini ningeondokaje? Pampu ikiharibika nikiwa Mahajanga, wataifungua bila mimi. Nikamwandikia kwamba mama anaumwa. Mwaka wa pili nikaandika kazi zimenizidi. Mwaka wa tatu akaniletea mstari mmoja: "Umeoa huko?" Nilikaa na karatasi ile siku nyingi, sikumjibu. Akaolewa na mwingine. Nilimpenda, na bado nilimwacha aende kwa sababu ya kipande cha ngozi.

Mwaka wa nne mama akafariki. Niliketi nje ya ua nikisikia mpini ukilia, wanawake wanajaza maji ya kumwoshea. Mdomo nilikuwa nao. Ningeweza kusema, chukueni maji kwingine. Nikanyamaza, mwanawe wa pekee, akaoshwa kwa maji ambayo mimi mwenyewe nilikuwa siyaamini.

Baada ya arobaini nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata mwalimu asubuhi nikamwambia yote. Alinikazia macho mpaka nikainamisha kichwa.

"Ungekuja wiki ile ile," akasema, "tungeitoa, tungeosha mara saba, moja kwa udongo, kila mtu na vyombo vyake. Adhuhuri tumemaliza. Kazi ya asubuhi moja, bwana wee!"

"Na mama yangu?"

"Mama yako hakujua kitu. Aliyejua ni wewe."

Tukavunja zege pamoja na wale wanne, tukaifanya kazi hiyo siku ile ile, na kweli, ilipoadhiniwa adhuhuri tulikuwa tunanawa mikono. Mchinjaji hakuitikia salamu yangu mpaka Ijumaa. Wanawake walininung'unikia wiki nzima huku wakisugua mitungi yao, kisha wakarudi kuchota. Hayo tu ndiyo niliyokuwa nikiyakimbia.

Nikasafiri hadi Mahajanga. Zaina alinipokea barazani kwa mama yake, mama mtu ameketi kati yetu, mtoto mchanga mapajani mwa Zaina. Nikaeleza bila kupunguza.

"Ni hilo tu?" Zaina akauliza. "Mimi nilidhani nina kasoro. Ungeniandikia, ningekuja mwenyewe kushika kamba."

Mtoto alianza kulia, Zaina akaingia naye ndani.

Nawaomba mnaonisoma, ukikosea sema siku ile ile, aibu ingali ndogo. Ukiilea itakua, na itakuchagulia mji wa kukaa na mtu wa kumkosa. Na usijidanganye kwamba unaumia peke yako. Kuna mtu mahali fulani anaamka kila siku akijiuliza kasoro yake ni ipi, na jibu umekaa nalo wewe.