Neno la Sista

Juzi binti yangu alikuwa akijifunza Kihispania kwenye simu, akikariri: respiro, respiras, respira. Nikaacha kusonga ugali.

Neno hilo nililisikia nikiwa mdogo, kwetu Misigiri, mchana ule mdogo wangu Yona alipobanwa na pumu. Zahanati ilinuka spiriti. Sista Mhispania alimwinamia, na kwa hofu akasahau Kiswahili chake: "Respira, Yona, respira!" Nilidhani ni sala. Alipokimbilia dawa aliniambia, "Endelea kumwambia." Nikaendelea, nikiamini nikinyamaza tu, Yona atakufa.

"Maana yake pumua, mama," alisema binti yangu nilipomuuliza.

Nikampigia Yona.

"Shikamoo dada," akasema.

Nikaibana simu sikioni. Nilikuwa nasikiliza anavyopumua.