Nilimsingizia Wifi Yangu Kuwa Amemvunja Mama Mkono

Sitaki mnionee huruma. Wifi yangu, ambaye hapa nitamwita Wakesho, alifukuzwa kwa mumewe kwa sababu ya mdomo wangu. Nilipokuja kujua hana hatia, nikanyamaza.

Wakesho alikuwa ameolewa na kakangu wa pekee. Kaka anafanya kazi Mombasa, kwa hivyo Wakesho ndiye aliyebaki na mamangu na watoto wao kule nyumbani Mbololo. Alimpikia mama, akamwogesha, akamkata kucha. Mimi niko Voi, si mbali, lakini nilikuwa naenda Jumapili na sukari na mkate, na kabla jua halijateremka nishaondoka. Mama alimwita Wakesho "mwanangu". Neno hilo lilinichoma sana.

Siku moja Wakesho alinipigia simu akasema mama amevunjika kifundo cha mkono wa kushoto.

"Amevunjikaje?"

"Alikuwa anavuta mlango wa jikoni, wifi. Kuvuta tu."

Nikacheka. Nani anavunjwa na mlango?

Mama akafungwa plasta. Ilipotolewa, mfupa ulikuwa haujaunga. Akafungwa tena, na kabla hajapona, kidole cha mkono uleule kikavunjika. Wakesho akanisihi, "Wifi, mama analalamika mifupa yote, na anakunywa maji kutwa nzima. Tumlete Voi apimwe." Nikamjibu kwamba kama anataka kutembea mjini atafute sababu nyingine.

Kisha nikampigia kaka. Nilimwambia, "Mkeo anampiga mama. Ule mkono hauponi kwa sababu kila ukitaka kupona anaukunja tena." Sikuwa nimeona chochote. Lakini nilisema kwa sauti ya mtu aliyeona.

Kaka akaja kutoka Mombasa. Mama alikana mbele yetu sote. "Huyu hajanigusa. Msimwonee." Nikawaambia majirani anaongea hivyo kwa woga. Kaka alimpiga mkewe makofi pale uani, watoto wakiangalia, mimi nimesimama mlangoni. Wakesho alinitazama mara moja tu. Akaenda kwao Ronge na nguo alizokuwa amevaa. Watoto wakabaki na baba yao.

Nikamchukua mama nikaja naye Voi. Hapo ndipo nilipojua kazi aliyokuwa akifanya yule mwanamke. Asubuhi moja nilikuwa nachelewa kazini, na mama hataki kuinuka kitandani, anasema mgongo unamuuma. Hasira zikanipanda. Nikamshika mkono wa kulia, ule mzima, nikamvuta.

Nilihisi mfupa ukiachia chini ya vidole vyangu.

Mama hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake, akanitazama mimi, akasema polepole, "Sasa wewe utafukuzwa uende wapi?"

Hospitalini nilisema ameteleza bafuni. Mama alikuwa hapo, akasikia, akanisitiri. Daktari aliangalia picha ya mifupa kwa muda, akaagiza damu ipimwe. Majibu yalipotoka akaniita.

"Mama yako ana ugonjwa wa tezi ndogo za shingoni. Zinatoa madini kwenye mifupa na kuyamwaga kwenye damu. Mifupa imebaki dhaifu, kwa hivyo inavunjika kwa kitu kidogo, na ikivunjika inakawia kuunga. Lazima alikuwa na kiu sana. Hakuna aliyeona?"

Nikasema hakuna.

"Angeletwa mapema tungemsaidia. Sasa figo zimeshaharibika."

Kaka alipopiga simu nilimwambia mama aliteleza. Ningetaja ugonjwa, angeniuliza kuhusu mkewe.

Mama alimwulizia Wakesho hadi mwisho. Nilimwambia tumemwita, amekataa kuja. Alifariki akiamini hivyo.

Siku ya mazishi Wakesho alikuja. Shangazi yetu akamzuia pale langoni: "Mkono uliomvunja marehemu hautamtupia mchanga." Neno langu moja lingetosha. Nilitengeneza kitambaa changu cha kichwa, nikaangalia chini. Wakesho akasimama nje ya ua mpaka kaburi likafunikwa.

Kaka akaoa tena. Mwaka huu nilienda Ronge, nikamkuta Wakesho akichambua maharagwe. Nikamwambia yote, hata vile nilivyomvuta mama kitandani. Hakulia. Aliniuliza swali moja.

"Ulijua kabla hajazikwa ama baadaye?"

"Kabla."

Akaendelea kuchambua, mimi nimesimama kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Mwishowe akasema, "Mimi usiniombe msamaha. Enda uwaambie watoto wangu. Wanaamini nilimvunja nyanya yao mkono."

Sijawaambia. Shule zikifungwa huja kwangu, wananiita shangazi, wanakula na kulala hapa. Yule msichana mkubwa mimi ndiye humsuka nywele. Juzi aliniuliza kama mamake alikuwa mkali hivyo tangu zamani. Nikamwambia ainamishe kichwa, nimalize mstari.

Wewe unayesoma, kama mkono wa mzee wako umevunjika na hauungi, mpeleke apimwe mifupa na damu kabla hujaanza kutafuta wa kulaumiwa. Na siku utakayojua ukweli, useme siku hiyohiyo. Ukiulaza, kesho unakuwa mzito zaidi, na kesho kutwa utakuwa umeuzoea.

Mimi nimeweza kuusema hapa tu, mahali ambapo hakuna anayenijua.