Butoyi Hayumo Kwenye Simu

Ernesta ni mpangaji mwenzangu hapa Kasulu, na kazi yake watu hawaielewi. Mimi mwenyewe, mwalimu niliyeletwa huku kutoka Tanga, ilinichukua muda. Analipwa kuharibu. Vijana wa ofisini kwao wakishatengeneza programu ya simu, yeye huibonyeza ovyo, huidanganya, huiudhi, mpaka ionyeshe palipooza.

Gharama za kazi hiyo alinifundisha jikoni, kwa sufuria ya maharage. "Rabia, kuna gharama ya kuzuia: kununua maharage mazuri, kumwuliza mgeni anakula nini. Kuna ya kukagua: kuchambua, kuonja. Ukionja ukakuta yameungua, unamwaga unapika upya. Hiyo ni ya tatu: hasara, lakini imebaki jikoni kwako. Ya nne ni pale mgeni ameshakula, ameugua." Alipofika kwenye hiyo ya nne aliacha utani. "Hiyo haina mwisho," alisema.

Bosi wake, Crispin, ni mtu wa maneno matamu. Ukutani ofisini amebandika "Usipoziba ufa utajenga ukuta", na ufa ukionekana anautundikia kalenda. Mnisamehe, nina hasira naye.

Mwaka jana walipata kazi ya zahanati za vijijini Kakonko: programu ya watoto waliopungua uzito. Muuguzi anamsajili mtoto kwenye simu ya kituo, programu inaagiza vipakiti vya lishe vya mtoto huyo, kisha inamtumia mama ujumbe wa siku ya kurudi. Ernesta aliomba waende kwanza upande wa Nyabibuye, wawaulize wauguzi wanavyofanya kazi. Crispin akasema mafuta ghali.

Sasa, huko mpakani simu hurukia mnara wa Burundi. Mtandao unakata, muuguzi anatuma tena, mtoto mmoja anaingia mara mbili. Malalamiko yakaja. Godson, fundi wao, akaweka sheria ndani ya programu: mama yuleyule, tarehe ileile ya kuzaliwa, wa pili anafutwa kimyakimya.

Ernesta aliijaribu sheria hiyo, akanyanyuka akaenda moja kwa moja kwa bosi.

"Kaka Crispin, na mapacha je? Mdogo wangu Careen, kulekule Nyabibuye, ana pacha, Bukuru na Butoyi. Mama mmoja, siku moja. Butoyi, aliyezaliwa wa pili, atafutwa."

"Mapacha wangapi watapungua uzito, Ernesta? Programu inatoka Jumatatu. Wakitokea watapiga simu, tutarekebisha."

"Hawatapiga. Watadhani ndivyo ilivyoamriwa."

Programu ilitoka Jumatatu.

Mvua zilipokataa, mahindi ya Careen yalikauka na pacha wote wawili wakapungua. Aliwapeleka zahanati wakasajiliwa wote. Ujumbe ulipokuja ulimtaja Bukuru peke yake. Careen hakuuliza; simu ndiyo imesema. Akawa anambeba Bukuru kwenda zahanati, Butoyi anabaki kwa jirani, na vipakiti vya mmoja anavigawa kwa wawili. Mama gani angefanya vingine? Bukuru hakuongezeka hata kidogo. Muuguzi, ambaye alikuwa mgeni pale kituoni na hakujua kuna pacha, alipoona mzani umegoma akamfokea mbele ya kina mama wenzake: "Unakula chakula cha mtoto!"

Aibu hiyo ilimfunga mdomo. Hata dada yake, ambaye hakujua kwamba pacha wamepungua, hakumwambia. Ernesta alipigiwa simu na jirani, Butoyi akiwa ameshalazwa hospitali ya Kibondo, nami nikamsindikiza. Tulipofika, daktari alikuwa anauliza mbona mtoto huyu hakuwa kwenye mpango wa lishe. Ernesta alikaa sakafuni palepale. "Nilisema, Rabia. Nilisema mimi!" Akampigia Crispin, akamsihi aiondoe ile sheria, akamsihi mpaka sauti ikakauka, maana huko vijijini kuna mapacha wengine, na sisi hapa tulikuwa tunamtazama huyu mmoja akipumua kwa shida, miguu yake myembamba kama ya kifaranga. Sijawahi kujiona sina maana kama siku ile.

Butoyi alifariki alfajiri.

Tulikuwa bado wodini Crispin alipopiga. Sauti yake ilikuwa nyepesi. Habari hakuwa nazo. "Godson ameshaitoa. Kumbe ni mstari mmoja tu, hata chai yake haikupoa! Sasa yamekwisha, sivyo?"

Ernesta alikata simu. Akapiga magoti mbele ya mdogo wake, aliyekuwa amempakata Bukuru, akamweleza yote: mnara wa Burundi, sheria ya Godson, jina lililofutwa. Careen alisikiliza, macho makavu.

"Kwa hiyo sikumwibia mwanangu?"

"Hukumwibia, Careen."

Alimfunika Bukuru vizuri kwa kanga.

"Basi dada, twende ukamwambie yule muuguzi. Kina mama wote wawepo, kama siku ile."