Moto wa Mkono Mmoja

Wakata miti wote walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri, kwa sababu pale kambini aliyeshika mwiko ndiye mkubwa. Aliwapikia miaka mingi huko msituni, mpaka siku mashine ya kupasulia mbao ilipomla mkono wa kushoto. Mwiko ukaenda kwa mwingine, na yeye akaenda kwa dada yake mkubwa, akapewa chumba cha nyuma chenye kitanda, redio na huruma. Huruma ndiyo iliyomchosha. Hata chungwa alimenyewa!

Sasa alikuwa amerudi kudai jiko lake. Mnyapara, mtu asiyependa maneno mengi, alimwambia, "Watu wakirudi wakakuta chai tayari, jiko ni lako. Wasipoikuta, Shangazi, usinilaumu." Dada mtu alikuwa amemfuata huko huko, na begi la kumrudishia nguo nyumbani alikuwa nalo kwapani.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kuni zote chapachapa. Kuni za namna hiyo lazima zipasuliwe, maana ukavu umebaki ndani kabisa. Shangazi akanyanyua panga, akalishusha. Gogo likabingirika mpaka miguuni kwa dada. Zamani mkono wa kushoto ungelishika. Akalibana kwa mguu, akajaribu tena, na panga likapita chupuchupu na kidole gumba.

"Mdogo wangu, unataka na mguu nao uende? Lete hilo panga nikupasulie."

"Kaa chini, dada."

"Kiburi kitakuua wewe."

"Afadhali kiburi. Kwako nilikuwa nakufa polepole, kwa kumenyewa machungwa."

Dada akanuna, akakalia begi lake. Shangazi naye alikuwa amefura kwa hasira. Aliikasirikia mvua, akaikasirikia ile mashine, akakipiga teke kisiki kilichokuwa mbele yake. Ndipo akauona ufa wake.

Akalisimamisha panga ndani ya ufa ule, mgongo chini, makali juu, akalikaza kwa vipande vya mti alivyovigongomea kwa jiwe mpaka likatulia tuli. Kama panga limeshindwa kuifuata kuni, basi kuni italifuata panga. Akakandamiza kipande juu ya makali mpaka kikanasa, akakiachia, kikasimama chenyewe. Akaokota rungu. Pa! Kikapasuka pande mbili, na ndani kilikuwa kikavu.

"Haya sasa!" akasema, na hakumtazama mtu.

Akaburuta vile vipande juu ya makali, maranda membamba yakadondoka. Kiberiti akakibana chini ya unyayo. Njiti ya kwanza ilizimika, akaitukana. Ya pili ikashika maranda, maranda yakashika vijiti, na sufuria ikapanda mafigani.

Wakata miti waliporudi, matope mpaka magotini, chai ilikuwa inatokota. Mnyapara akalitazama panga kisikini, kisha akamgeukia dada mtu.

"Nani kapasua kuni?"

"Unaniuliza mimi?" dada akamkaripia. "Muulize mwenye jiko!"

Kisha akafungua begi, akatoa chungwa alilolibeba kwa ajili ya safari ya kurudi. Akashika kisu. Akasita, akakirudisha, akampa mdogo wake lile chungwa zima. Shangazi akalimenya kwa meno, na maganda akayatemea motoni.