Vitenge vilivyomkimbia Neema

Leo nimemcheka mdogo wangu mbele ya watu, na kosa lilikuwa langu.

Nimemtengenezea shangazi tovuti ya duka lake la vitenge hapa Kasulu. Nikajisifu pale dukani kwamba hata Neema ataiweza.

Neema ndiye huyo mdogo wangu, kaja juzi kutoka Kibondo. Anasoma taratibu, kidole kwenye neno, na akipotea anarudi mwanzo wa mstari.

Nikampa simu achague kitenge kimoja tu.

Sasa tovuti yangu ina picha zinazojibadilisha zenyewe, kila moja na maelezo yake chini. Niliziweka kwa madoido.

Kidole chake kikafika nusu ya mstari, picha ikaondoka. Akaanza upya. Ikaondoka tena.

Akaniuliza, "Kaka, mbona vinanikimbia?"

Duka zima likacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti.

Akanirudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyeharibu kitu cha watu. "Nisamehe kaka, sijui."

Nyie mngesemaje hapo? Mimi niliitia simu mfukoni.

Jioni nimezizuia zile picha zisijibadilishe tena. Imechukua muda mfupi kuliko kile kicheko.

Nimempelekea simu ajaribu tena. Kasema ana vyombo vya kuosha.

Vyombo vilishaoshwa.